Baba Mkwe wa Jiwe

Asubuhi ya pili baada ya harusi, Baijnath alikataa kunywa dawa yake.

Mkewe, Phulmati, alidhani ni moto wa bilauri. Aliiweka ukingoni mwa kibaraza ipoe, akaendelea kufagia maganda ya njugu yaliyotapakaa uani. Banda la harusi lilikuwa bado limesimama, mabua ya miwa yaliyofungwa pamoja kwa juu, na katikati yake, ndani ya chungu kikubwa kilichopakwa chokaa, alikuwapo bibi harusi, amejitanda kitambaa chekundu chenye pindo la dhahabu bandia. Bibi harusi alikuwa mmea. Alikuwa tulsi, ndugu yake mrehani, ambaye katika vijiji vya upande ule hukuti ua usiokuwa naye. Pembeni yake, juu ya udongo wa chungu kile kile, alikaa bwana harusi, jiwe jeusi la mtoni, laini, ambalo ndani yake watu humwona Mungu Vishnu.

Ni majani ya bibi harusi huyo Phulmati aliyokuwa akiyachuma kila alfajiri. Alimwomba radhi kwanza, kama ilivyo adabu, kisha akayachemsha kwa tangawizi na pilipili manga na kipande cha sukari guru. Tangu mvua kubwa Baijnath alikuwa na kikohozi kilichomkunja kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Imepoa," Phulmati akasema.

"Mpe mbuzi."

"Kwani mbuzi anaumwa kifua?"

Baijnath alijivuta ndani ya blanketi lake. Alikuwa mkulima wa mboga, mwembamba, mwenye masikio makubwa, na aliposhika jambo lake hata ng'ombe wawili wasingemvuta. "Mama Kesar, juzi nilifanya nini hapa uani?"

"Ulioza tulsi. Umeanza kusahau?"

"Nilioza binti. Nilimtoa kwa mikono hii, mbele ya moto na mbele ya watu. Sasa tangu lini baba anakula cha binti aliyekwisha kumwoza?"

Phulmati aliangua kicheko, akamtazama, kicheko kikamkatikia kooni. Mumewe hakuwa akitania.

Desturi yenyewe aliijua, nani asiyeijua. Binti akishatolewa ni wa watu, na mzazi hali chake. Hanywi hata maji nyumbani kwake, na kiu ikimshinda basi huacha sarafu chini ya bilauri, ili maji yawe yamenunuliwa. Lakini watu wa kijiji kizima huoza tulsi zao kila mwaka mwezi ule miwa inapoanza kukatwa, na kesho yake huzichuma wakazitia kwenye chai, wala hakuna anayewauliza. Ilibidi aolewe na Baijnath ndipo aone mtu wa kulifikiria jambo hilo mpaka mwisho wake.

Alijua pia kwa nini. Siku Kesar, mtoto wao wa pekee, alipoolewa, Baijnath alikuwa kitandani na homa ya matumbo, hajitambui vizuri. Kaka yake ndiye aliyeushika mkono wa binti akautia katika mkono wa bwana harusi. Baijnath alizisikia tarumbeta kwa mbali, akadhani ni sikukuu. Tangu hapo alikuwa mtu aliyepitwa na jambo moja ambalo halirudiwi, na mwaka huu, kikohozi kilipomwonyesha kwamba hana miaka mingi ya kuchezea, aliamua kumtoa tulsi mwenyewe. Alifunga siku nzima. Alipotamka maneno ya kumtoa alilia waziwazi, na wanawake wa jirani nao wakalia, hata kuhani akalazimika kupangusa miwani yake. Mtu aliyetoa binti kwa uchungu namna ile hawezi kuamka asubuhi akamtafuna.

*

Phulmati alikwenda kwa kuhani kupata ruhusa. Kuhani alijikuna sikio, akasema swali hilo hajaulizwa tangu azaliwe. Kumwambia Baijnath anywe hakuthubutu, kumwambia asinywe hakupenda, basi akasema ataangalia vitabuni. Phulmati alirudi nyumbani akimlaani kimoyomoyo, yeye na vitabu vyake.

Si kwamba tulsi ilikuwa imemponya mzee. Phulmati hakuwa mjinga wa kuamini hivyo. Lakini jani lile lilikuwa na kazi yake na lilikuwa likiifanya. Lililegeza kohozi, lilifungua pua, na homa ilipopanda lilimtoa jasho, akalala usingizi wa mtu. Lilipokosekana, kifua kilianza kupiga filimbi. Akaanza kulala ameketi, mgongo ukutani, mdomo wazi, huku mvuke wa pumzi yake ukipanda katika ukungu wa majira ya baridi, na Phulmati akawa anazisikiliza pumzi zile hata anapokanda unga.

Alimpigia simu Kesar. Kesar akaja kwa basi la kwanza, akamfunga baba yake shali mbili, akampeleka mjini bila kumwuliza, na mama yake nyuma.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, anayemung'unya karafuu shavuni. Aliitazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha akasema pafu la kushoto limezungukwa na maji. Phulmati akamwuliza kuhusu tulsi. Daktari alitabasamu, akasema bibi yake naye alimnywesha hiyo hiyo, na mzee aendelee nayo kwa sababu inatuliza koo na kifua. Ila maji yale jani halitayatoa. Yatolewe kwa sindano, kisha mzee aje kila siku kwa dawa mpaka atakapoambiwa basi. Yakiachwa, pafu litazama, na hilo akalisema bila kutabasamu. Kwenda na kurudi kijijini kwa basi katika baridi ile hakumfai.

"Una ndugu hapa mjini, Baba, wa kukaa kwake?" daktari akauliza.

"Sina," akasema Baijnath.

Kesar alikuwa amesimama pale pale kando yake, ameshika viatu vyake. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya hospitali, karibu kiasi kwamba nguo zake alizianika akiwatazama wagonjwa wakiota jua. Aliinama, akamvisha baba yake kiatu kimoja, halafu cha pili, akafunga kamba.

Baijnath akataka warudi kijijini, na walipokuwa wakisubiri basi, ilibidi wapumzike kwa Kesar. Baijnath hakuvuka kizingiti. Aliketi nje juu ya gunia, akala bisi za mchele alizokuja nazo katika kitambaa. Kikohozi kilipomkaba, Kesar akamletea maji. Aliyanywa yote, akaingiza mkono mfukoni, akaweka sarafu chini ya bilauri, polepole, kama alivyofanya kila alipopita pale siku za gulio, miaka yote hiyo.

"Muuza chai wa stendi akilipwa husema karibu tena," Kesar akasema. "Mimi niseme nini, Baba?"

"Usikasirike, mwanangu. Wewe ni wa watu sasa."

"Watu gani? Mkweo Jagdish yuko kazini anaziba mipira ya baiskeli. Mama yake alishafariki. Humu ndani hakuna watu, nipo mimi."

Baijnath aliitazama barabara. Phulmati naye aliangalia pembeni, na uso ulimwaka, kwa kuwa yeye maji ya nyumba ile alikwisha kuyanywa zamani. Tena si maji tu. Mara ngapi alikuwa amejifungia jikoni na bintiye, wakala mkate wa moto na achari ya embe, wakicheka kimyakimya kama wezi, huku mzee akisubiri nje juu ya gunia. Siku ile alijiona mwongo, na akamwonea mumewe hasira kwa kumfanya hivyo.

*

Ukungu ulishuka ukakaa. Kuna siku jua halikuonekana kabisa. Kisima hakikuonekana kutoka mlangoni, mbuzi aliitwa kwa sauti tu, na majani ya miwa ya banda la harusi, ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulibomoa, yalikauka yakawa yanasema peke yao kila upepo ulipopita. Baijnath alilala kibarazani akiungua kwa homa. Kati ya kikohozi na kikohozi alipotea, akarudi, akapotea tena.

Alasiri moja alifumbua macho akamwita mkewe. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, ya mtoto aliyeamshwa.

"Alitoka kwenye chungu," akasema. "Amejitanda nguo yake nyekundu. Akaenda kisimani. Sikumwona akitembea, nilisikia njuga tu, na ukungu ukimpisha. Akarudi na mtungi begani, maji yanamwagika, yananukia yeye mwenyewe. Kiu niliyokuwa nayo, Mama Kesar, sijawahi kuiona. Nikamwambia, binti yangu, nipe maji. Akasimama hapo ulipo."

"Akakupa?"

"Akaniuliza, una sarafu?"

Phulmati alikaa chini.

"Nikajipekua," Baijnath akaendelea. "Nguo haikuwa na mfuko. Nikajipekua, nikajipekua. Yeye amesimama tu, hana hasira, ananisubiri. Halafu nikaona si tulsi. Miguu ilikuwa ya Kesar. Ule unyayo wake wenye kovu la jembe."

Machozi yalimtoka mzee yakaingia katika masikio yake makubwa. Phulmati aliyafuta kwa pindo la nguo. Alimhurumia mno, na alimpenda, na aliogopa kwamba kabla wiki haijaisha angekuwa mjane wa mtu aliyekufa kwa kiu mbele ya mtungi. Woga huo ndio uliomfungua akili. Alisimama, akaenda hadi kwenye chungu, akarudi.

"Baba Kesar, hebu niambie. Binti akiolewa hukaa wapi?"

"Kwa mumewe."

"Na mume wa huyu wetu yuko wapi?"

Baijnath aligeuza shingo kwa shida. Jiwe jeusi lilikuwa pale pale lilipowekwa siku ya harusi, limelowa umande. "Chunguni."

"Chungu cha nani?"

"Changu. Nilikinunua mwenyewe."

"Katika ua wa nani?"

Baijnath alikuwa ameanza kuona anakopelekwa.

"Basi mkwe wako amehamia ukweni," Phulmati akasema. "Hana kwao, hana shamba, hana hata mkeka. Anakaa kwako bure, anaoga maji yako, taa anawashiwa kwa mafuta yako, na tangu aingie humu hajainua hata ufagio. Baba gani tena anakula kwa bintiye? Wao ndio wanaokula kwako, mchana na usiku. Na wewe baba mkwe wa jiwe unaona haya kuwaomba majani mawili."

Katika vijiji vile hakuna mwanamume anayechekwa kuliko aliyehamia kwa wakwe. Baijnath alilitazama jiwe, akaliona limeketi kwa raha zake, limenenepa, halina habari. Kicheko kilimtokea tumboni, kikapanda, kikageuka kikohozi, kikawa kicheko tena. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mvivu mkubwa," akasema kwa jiwe. Kisha akanyoosha mkono, na Phulmati, ambaye chungu cha dawa kilikuwa hakijawahi kukosekana mekoni pake hata siku zile zote za kukataliwa, akamletea bilauri inayofuka moshi. Aliinywa yote, akalala akitoka jasho mpaka giza likaingia.

Alipoamka Phulmati alikuwa bado ameketi pale, na hakumpa nafasi ya kupumua. Akamtajia mjini, akamtajia sindano, akamtajia Kesar.

"Kesar si tulsi," Baijnath akasema. "Jagdish hakuhamia kwetu." Akajivuta akaketi. "Nitakwenda. Lakini tutachukua unga wetu, dengu zetu, sufuria yetu na mtungi wetu. Utanipikia nje. Na mfuko wa sarafu ubebe, maana maji ya mtungi yakiisha sitaki deni."

Phulmati alikubali kila kitu. Angemwambia abebe na kisima, angekitafutia kamba.

*

Maji yalitolewa kifuani, mengi, ya rangi ya chai nyepesi, na Baijnath akapata pumzi ambazo alikuwa amesahau kwamba zipo. Alilala uani kwa Kesar, juu ya kitanda cha kamba, katika kipande kidogo cha jua kilichopita baina ya kuta mbili. Mlangoni alikuwa amevushwa na Jagdish kwa kubebwa, akajifanya amelala. Phulmati alitega matofali matatu pembeni ya ua akampikia hapo, kwa unga wao na sufuria yao.

Majirani hawakukawia. Mwanamke mmoja alichungulia juu ya ukuta, akalitazama lile jiko, akamwuliza Kesar kwa sauti ya kutosha kama wazazi wake ni watu wa ukoo mkubwa sana, au ni yeye aliyekuwa amechafuka. Kesar alikuwa akitwanga. Alisema baba anapenda mapishi ya mama. Mwanamke akacheka, akashuka ukutani, na Kesar akaendelea kutwanga kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kuwa vumbi. Baijnath aliyasikia yote. Alivuta shali akajifunika uso, na kwa muda mrefu haikujulikana kama amelala.

Alipojifunua, macho yake yaliangukia chungu cha tulsi kilichokuwa karibu na kichwa chake. Hii ilikuwa tulsi ya Kesar. Mbegu zake alizifunga mwenyewe katika pindo la nguo siku aliyoondoka kwao, kwa hiyo ulikuwa mmea wa nyumbani, mjukuu wa ule wa kijijini. Lakini ulikuwa umedumaa. Majani yalikuwa madogo, ya manjano pembeni, na shina limepinda kama linalokwepa kitu. Baijnath hakuweza kuona mmea mgonjwa akanyamaza. Alijiinua kwa kiwiko.

"Mizizi imebanwa," akasema. "Mama Kesar, nipe kijiko."

Phulmati alimpa. Mzee alianza kupekua udongo taratibu, pembeni kabisa, asije akaukata uzi wowote, na harufu ya tulsi ikapanda, ile harufu ya karafuu na mvua, ikajaza ua. Kijiko kikagonga kitu. Alikitoa, akakifuta kwa kidole gumba. Ilikuwa sarafu. Akachimba tena, akapata nyingine, na nyingine chini yake, zimegandamana na udongo, baadhi zina kutu, nyingine mizizi imezizunguka ikashindwa kupita. Aliziweka juu ya blanketi moja baada ya moja. Zilikuwa zimejaa chungu.

Kesar alitoka jikoni na bilauri ya dawa mkononi. Aliona blanketi, akasimama.

"Nani ameweka hizi?" Baijnath akauliza.

"Mimi."

"Umezitoa wapi?"

"Ni zako, Baba. Za maji."

Baijnath aliziangalia. Siku za gulio zote zilikuwa pale, kiangazi na masika, kiu zake zote alizowahi kuwa nazo katika mji ule.

"Kwa nini hukuzitumia?"

"Ningenunua nini?" Kesar akasema. "Unga? Nikaule? Kuzitupa sikuweza, umezishika wewe. Nikaona nimpe yeye. Yeye ni wa kwetu."

Baijnath aliurudisha udongo chunguni, mtupu, mwepesi, akauzungushia shina kwa vidole, akaubonyeza kidogo kama anavyobonyezewa mtoto shuka. Kisha akanyoosha mkono, na Kesar akampa bilauri, na kwa mazoea akarudi hatua nyuma, kama watu warudivyo wanapompa mteja nafasi ya kutafuta pesa.

Mzee alikunywa. Alikunywa polepole, akiipuliza, akiacha mvuke umwingie puani, na pumzi zake zilisikika zikishuka mpaka chini bila kukwama. Alipomaliza, mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe ukaelekea mfukoni. Phulmati aliuona. Kesar aliuona. Mkono ulifika juu ya mfuko, ukakaa hapo, halafu ukashuka ukatua juu ya blanketi.

Akamrudishia binti yake bilauri.

"Imebaki?" akauliza. "Niongeze."

Kesar aliingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji, na walimsikia akipenga kamasi. Phulmati aliinuka, akachota maji mtungini, akazima jiko lake la matofali, na dengu zilikuwa bado hazijaiva.